Steringi Hafi: Neno la Kibanda cha Video na Neno la Msalaba

Kuna msemo ambao haumo katika Maandiko wala katika Katekisimo, lakini washarika wetu wa Temeke na Kinondoni wanaujua kuliko mistari mingi waliyokariri wakati wa kipaimara. Msemo wenyewe ni huu: steringi hafi. Umekulia kwenye vibanda vya video, ambavyo vijana huviita vibanda umiza, kule Mbagala, Tandika, Manzese, Tandale na kwingineko. Mtu hutoa fedha kidogo mlangoni, akabanana na wenzake kwenye benchi, pazia likashushwa, akaangalia picha iliyotafsiriwa. Ndani ya picha kuna steringi na kuna adui. Risasi zitamiminika, nyumba itateketea, gari litatumbukia korongoni, na steringi atatoka humo akijipangusa vumbi. Ndiyo maana mtazamaji mzoefu hahangaiki. Akimwona mgeni wa kibanda anafumba macho, humpiga begani na kumwambia atulie, steringi hafi.

Tusingeandika juu ya maneno haya kama yangebaki kibandani. Lakini tumeyasikia wodini, kando ya kitanda cha mgonjwa. Tumeyasikia kwa kijana wa bodaboda aliyeulizwa helmeti yake iko wapi. Tena tumeyasikia kwenye maombi, yakiwa yamevaa nguo za kanisani. Hapo ndipo swali letu linapoanza: je, Mkristo anaweza kusema steringi hafi?

Kabla ya kulijibu, tuondoe jambo moja njiani. Hatuandiki ili kuwakataza watu kuangalia picha. Wapo wazee wetu waliofundisha kwamba sinema ni mlango wa shetani, na wapo watumishi wa leo wanaoilaani filamu kwa kuona bango lake tu. Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Dakta Luther, katika maelezo yake ya amri hiyo, anatutaka tumtetee jirani na kuyachukua mambo yake kwa upande wake mwema. Aliyetunga filamu ni jirani. Aliyeigiza ni jirani, hata yule mama anayeigiza uchawi vizuri mpaka wanawake wenzake wanamkwepa sokoni. Anayetaka kuihukumu kazi yao na akae aitazame mpaka mwisho, ndipo aseme.

Vijana wa usharika wetu wana desturi ya kukaa chini ya mwembe baada ya ibada ya pili na kuzungumza habari za picha mpya. Wachache wenye fedha wamekwenda kuziona Mlimani City. Walio wengi wameziona kwa simu au kibandani. Huzungumzia hata zile ambazo hazijatoka. Trela ya dakika mbili inatosha kuwagawa makundi mawili yenye hasira. Nasi tumejizoeza kukaa nao, maana tumeona kwamba kijana ukimuuliza anaamini nini, anakujibu kwa maneno ya darasa la kipaimara; ukimuuliza picha ile ingeishaje, anakueleza anachokiamini kweli.

Kipimo chao ni kimoja. Picha nzuri ni ile ambayo steringi anateswa sana, lakini hafi. Akifa, mtu anaona ameibiwa kiingilio chake. Mmoja wao alituletea Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, akalalamika kwamba inakwenda polepole na tena haina steringi. Sisi tuliipenda kwa sababu hiyohiyo. Yasmini, msichana wa Kihindi katika Zanzibar ya miaka ya 1950 aliyekimbia ndoa ya mtu mzima aliyechaguliwa na wengine, hana bunduki wala hana uhakika wa kesho. Anaishi kama tunavyoishi. Lakini tulikuwa peke yetu katika maoni hayo, na mwembe mzima ulitucheka.

Jumapili moja mzee wa kanisa aliyekulia Kariakoo, enzi ambazo watu walikwenda mjini kuangalia sinema Empire na Avalon, aliyaingilia mazungumzo. Akawauliza: mbona Amitabh Bachchan alikufa katika Sholay? Picha hiyo ni ya mwaka 1975, na vijana walikuwa hawaijui vizuri, kwa hiyo akawasimulia. Marafiki wawili, Jai na Veeru, wanakimbizwa na majambazi pamoja na msichana. Risasi zinakaribia kwisha. Mmoja lazima abaki darajani kuwazuia majambazi ili wengine wapone. Jai anarusha sarafu, kama alivyozoea kufanya kila wanapokuwa na la kuamua, sarafu inamwangukia yeye, anabaki, anakufa. Baadaye rafiki yake anaiokota ile sarafu, anaigeuza, na kuona kwamba pande zake zote mbili zinafanana. Jai alikuwa amekwisha kuamua kabla hajairusha. Mzee alisema kwamba walilia, wakarudi kesho yake wakalipa tena ili walie tena.

Vijana walinyamaza kidogo. Kisha mmoja akapata jibu: huyo Jai hakuwa steringi. Steringi ni yule mwingine aliyebaki hai.

Tulicheka sote, lakini tangu siku ile tunalifikiria jibu hilo. Wakamtaja Jack wa Titanic, picha ya 1997, anayekufa kwenye maji ya barafu. Naye wakamwondoa, wakasema steringi ni yule dada aliyeokolewa. Kumbe ndivyo msemo huu unavyojilinda. Hauwezi kukosolewa na picha yoyote, kwa sababu kila anayekufa anavuliwa usteringi wake. Hata Rambo, ambaye wengi wanamshika kama ushahidi mkuu, alikusudiwa kufa. Katika riwaya iliyozaa picha ile ya kwanza ya 1982 anakufa, na mwisho wa namna hiyo ulipigwa picha kabisa. Watazamaji wa majaribio kule Marekani wakaukataa, naye akatoka hai, na picha nyingine zikafuata. Kwa hiyo si watu wa Mbagala tu. Mwanadamu popote alipo akiketi gizani anataka aliyempenda aishi.

Kutaka hivyo si dhambi. Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Kosa linakuja pale matakwa yanapogeuka kuwa sheria, tukasema kwamba aliyempenda Mungu hawezi kufikwa na hili, na aliyefikwa basi hakuwa mpendwa.

Na wa kwanza kuisema sheria hiyo hakuwa mtu wa Manzese. Alikuwa Petro. Katika Mathayo 16, punde tu baada ya kumkiri Yesu kuwa ndiye Kristo, alisikia kwa kinywa cha Bwana habari za mateso na kuuawa, akamchukua kando akaanza kumkemea, kwamba hayo hayatampata. Petro alikuwa amemtambua steringi barabara. Alichokosea ni picha. Wengi hushangaa kwamba Bwana alimjibu kwa ukali ule, akamwita Shetani mtu aliyesema kwa upendo tu. Lakini fungueni tena sura ya 27 ya Injili hiyohiyo, msikilize wapita njia na makuhani wanavyosema chini ya msalaba. Wanamtaka ashuke, nao watamwamini. Hayo ndiyo maneno ya Petro, safari hii yamesemwa kwa dhihaka. Na kwa mtazamaji wa kibandani hiyo ni dakika anayoifahamu: steringi amefungwa, maadui wanacheka, muziki unapanda, sasa kamba zitakatika.

Hazikukatika.

Dar es Salaam iliwahi kumpoteza steringi wake mwenyewe, na kalenda ya siku zile bado inatusumbua. Steven Kanumba alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Usiku ule ulikuwa kati ya Ijumaa Kuu na Pasaka. Jumanne tarehe 10 watu walimuaga katika viwanja vya Leaders Club, Kinondoni, akazikwa katika makaburi ya Kinondoni. Waliokuwepo wanakumbuka umati uliojaa mpaka barabarani, na watu waliozirai na kubebwa. Kifo chenyewe kilivyotokea ni jambo ambalo mahakama ilikwisha kulisikiliza, nasi hatulifungui upya. Tunachokikumbuka ni maneno ya watu.

Asubuhi ile ya Jumamosi wapo waliokataa kabisa. Walisema ni tangazo la filamu mpya, anatengeneza picha, subirini mtamwona. Jioni, ilipokuwa haiwezekani tena kukataa, maneno yakabadilika: ameuawa na Freemason, kuna mkono wa siri, kuna jambo nyuma ya pazia. Uvumi ule ulienea mjini kama moto wa makuti, na waliueneza watu ambao Jumapili yake walikaa kwenye viti vya kanisa. Hatusemi hivyo ili kuwaaibisha. Tunasema kwa sababu uvumi ule ulikuwa steringi hafi ya namna nyingine. Kifo cha kijana hakikuruhusiwa kuwa kifo. Ilibidi kiwe hila, kiwe sehemu ya kwanza ya hadithi ambayo sehemu yake ya pili imefichwa mahali.

Kesho yake ilikuwa Pasaka. Fikirini, wapendwa, watu waliolia usiku kucha kwa ajili ya mwigizaji waliyemkaribisha kila jioni sebuleni kwao, wanaingia kanisani, na mhubiri anasimama na kutangaza kwamba Bwana amefufuka. Walisikia nini? Tunaogopa kwamba wengi walisikia: unaona, steringi wa kweli hafi. Na hilo silo tangazo la Pasaka. Tangazo la Pasaka ni kwamba alikufa, akazikwa, kama tunavyokiri kila Jumapili katika Imani ya Mitume, tena bila kuharakisha. Kukwepa kifo ni jambo moja. Kufufuka kutoka katika wafu ni jambo jingine kabisa, na anayeyachanganya hayo mawili ataishi na dini ya kibandani mpaka siku ya msiba wake wa kwanza mkubwa.

Filamu ambazo Kanumba alikuwa amekwisha kuziigiza zilitoka baada ya kuzikwa. Watu waliziangalia, wakamwona akicheka, akigombana, akipatana na mkewe wa kwenye picha. Kwenye kioo alikuwa mzima. Na pale Kinondoni kuna kaburi, na aliyemzaa anajua lilipo.

Tutendeane haki lakini. Watazamaji haohao wana upande mwingine. Juma Kilowoko, ambaye wengi walimjua kwa jina la Sajuki, mwigizaji na mwongozaji wa filamu, aliugua kwa muda mrefu kabla ya kufariki pale Muhimbili tarehe 2 Januari 2013. Alipokuwa amekonda, na kila mtu anaona, watu hawakumwambia kwamba hafi. Walichanga. Wakristo na Waislamu, watu ambao hawakuwahi kukutana naye ila kwenye televisheni, walitoa walichokuwa nacho ili apate matibabu India. Alikwenda, akarudi, akaugua tena, akafa. Hakuna aliyesema mchango ule ulipotea. Kwa maoni yetu ule ulikuwa wakati bora wa watazamaji wa Dar es Salaam, bora kuliko shangwe zote za vibandani.

Sasa tuseme lililotusukuma kuandika.

Tulikuwa na ndugu katika usharika, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, aliyeugua figo. Mara kwa mara alikwenda kusafishwa damu, na kila safari ilikula sehemu ya karakana yake, leo jenereta, kesho mashine ya kuchomelea. Kikundi cha maombi kilianza kumtembelea, watu wa nia njema kutoka makanisa mbalimbali, wengine wetu. Walimwombea kwa bidii. Lakini walikuwa na masharti. Neno kifo lisitajwe nyumbani mle. Alipotaka kuzungumza azikwe wapi, kwao Rombo au hapa mjini alikowazaa watoto wake, walimkatisha: usikiri mauti, Baba, kiri uzima. Mkewe alipouliza habari za hati ya kiwanja, aliambiwa kwamba anamtabiria mumewe mabaya. Kijana mmoja wa kikundi kile alimshika mkono mgonjwa akitabasamu, akamwambia kwa lugha ya mtaani kwamba yeye ni steringi wa Yesu, na steringi hafi. Mgonjwa alitabasamu pia. Sisi alituomba Chakula cha Bwana, tukampa.

Alifariki alfajiri ya siku ya kazi, bila kumwambia mwanawe mkubwa neno alilokuwa akilitafuta kwa wiki kadhaa. Mambo ya mazishi yalileta mgogoro kati ya ndugu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameruhusiwa kusikia alichokitaka. Baada ya arobaini, wale waliomwombea walihitaji maelezo. Wakayapata. Imani yake ilikuwa na tundu. Pengine kuna dhambi haikutubiwa. Pengine mke alikuwa na shaka.

Mtayakumbuka maneno ya vijana chini ya mwembe: huyo hakuwa steringi. Walivyomvua Jai wa Sholay ndivyo marehemu wetu alivyovuliwa, ila yeye alikuwa na mjane. Naye alikuja ofisini, akakaa muda mrefu akikunja na kukunjua kanga, ndipo akauliza: Baba Mchungaji, mume wangu alikosa nini?

Tulifungua Marko 15 tukamsomea polepole, mpaka pale Bwana anapolia kwa sauti kuu kwamba ameachwa. Akatuuliza kama Yesu naye alikuwa na shaka. Tukamwambia kwamba Yesu naye alikufa. Tulikaa hapo kwa muda. Hatukuwa na haraka ya kwenda sura ya 16.

Tuliposoma chuo cha theolojia, mwalimu wetu alitumia wiki nzima kwenye Disputa ya Heidelberg, hoja ambazo Luther alizitetea mbele ya watawa wenzake Aprili 1518, miezi michache tu baada ya zile hoja 95 ambazo kila Mlutheri anazijua. Wengi wetu tulidhani ni mambo ya mtihani. Pale Luther anatofautisha watu wawili. Yupo mwanatheolojia wa utukufu, anayemtafuta Mungu kwenye nguvu, ushindi na mafanikio, na kwa sababu hiyo analazimika kuyapa mabaya jina la mema na mema jina la mabaya. Yupo na mwanatheolojia wa msalaba, anayemkuta Mungu pale Mungu alipojificha, katika udhaifu na mateso ya Kristo, naye ana ujasiri wa kuviita vitu kwa majina yake. Ugonjwa ni ugonjwa. Kifo ni adui, tena adui wa mwisho kama asemavyo Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 15, wala si kosa la ulimi wa mgonjwa. Ilituchukua miaka ya kukaa wodini na kwenye misiba kuelewa kwamba Luther hakuwa akibishana na maprofesa peke yao. Alikuwa akizungumza na kikundi kile kilichozunguka kitanda cha fundi mageti.

Msitusikie vibaya. Kuombea wagonjwa tunaombea. Yakobo 5 imo katika Biblia yetu kama ilivyo katika Biblia za wengine, na tumeona watu wakiinuka kutoka vitandani ambao hatukutarajia. Lakini kanisa letu limejenga pia hospitali, Machame, Ilembula, Haydom, na anayejenga hospitali amekwisha kukubali kwamba watu wa Mungu wanaugua. Kuomba mtu apone ni kumpenda. Kumkataza asiseme kwamba anaogopa ni kumwacha peke yake huku umejaza chumba.

Liko jambo jingine kuhusu msemo huu ambalo tulifundishwa na mtoto. Tulikuwa tukiangalia picha ya mapigano na vijana, katika semina ya likizo, na katika dakika za mwanzo steringi akampiga risasi mlinzi wa getini akapita. Msichana wa kama miaka 13 akauliza, si kwa mzaha: yule mlinzi naye ana mama? Wenzake walimzomea. Tunadhani lilikuwa swali la Kikristo kuliko yote yaliyoulizwa semina nzima. Ili steringi asife, lazima wafe wengine wengi wasio na majina, na macho yetu yamezoezwa kutowahesabu. Wengi wa wale tunaowazika huku pembezoni mwa jiji ni wa kundi hilo. Kijana wa bodaboda anayepelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili usiku wa manane, akiwa na simu isiyojulikana nywila yake, hakuwa steringi wa picha ya mtu yeyote isipokuwa labda ya mama yake. Tunapomwambia kila kijana kwamba yeye ndiye steringi, tunampa sababu ya kuacha helmeti nyumbani, na tunamfundisha pia kwamba wengine barabarani ni watu wa kupita tu kwenye picha yake.

Injili inawatazama hao wa pembeni kwa muda mrefu kuliko kamera. Katika Luka 23, wa kwanza kuahidiwa kwa kinywa cha Bwana kwamba leo hii atakuwa naye peponi ni mhalifu ambaye hata jina lake hatukupewa. Alikuwa anakufa kando ya picha, na ndiye aliyegeukiwa.

Vijana wetu kwa sasa wako katika mabishano mapya. Mwaka 2019 baadhi yao walirudi kutoka kuangalia Avengers: Endgame wakiwa kimya, kwa sababu Tony Stark alitoa uhai wake mwishoni na hakuinuka. Hata waliokuwa na utaalamu wa kuvua watu usteringi walishindwa kumvua huyu. Sasa imetangazwa kwamba mwigizaji wake, Robert Downey Jr., anarudi katika picha inayotarajiwa Desemba 2026, safari hii akiwa adui, Doctor Doom. Chini ya mwembe hakukaliki. Kundi moja linasema, si tuliwaambia hafi, huyo amerudi. Jingine linasema, huyo ni mtu mwingine, sura tu ndiyo ileile.

Tuliwaacha wabishane, halafu tukawaambia kwamba swali lao limekwisha kuulizwa jioni ya Pasaka, katika chumba kilichofungwa milango. Aliyerudi ni yuleyule? Wanafunzi walidhani wameona roho. Bwana hakuwathibitishia kwa sura yake wala kwa nguvu zake. Kwa mujibu wa Luka 24 na Yohana 20, aliwaonyesha mikono. Jeraha halikufutwa na ufufuo. Hili ndilo jambo ambalo hatujaliona bado katika picha yoyote ya steringi: huyo akitoka kwenye moto, mkwaruzo wake wa shavuni hupona kabla ya sehemu ya pili.

Na sehemu ya pili yenyewe inakuja. Mel Gibson, aliyetengeneza The Passion of the Christ mwaka 2004, picha ambayo sharika zetu nyingi huionyesha Juma la Mateso mpaka DVD zimekwaruzika, anatengeneza mwendelezo wake juu ya ufufuo. Kwa tangazo lililotolewa, utakuja katika sehemu mbili: ya kwanza Ijumaa Kuu ya mwaka 2027, ya pili siku ya Kupaa Bwana mwaka huohuo. Watu wa Bongo Movie waliokuwa wakisemwa kwa kuikata hadithi moja na kuiuza mara mbili wanaweza sasa kupumzika. Hatujaiona, kwa hiyo kwa kanuni tuliyoiweka hapo juu hatuwezi kuisifu wala kuikosoa. Tunajiuliza tu kwa nini picha ya ufufuo ianze kuonyeshwa Ijumaa Kuu, na kama watu watavumilia siku mbili za kaburi.

Ile ya 2004 tunaweza kuisema, maana tumeiona mara nyingi kuliko tulivyotaka. Mateso yake ni marefu mno, na wapo washarika ambao hatuwashauri kuiangalia, hasa waliowahi kupigwa. Ufufuo unachukua dakika chache tu za mwisho, kama zinafika. Lakini katika dakika hizo kuna kitu kimoja ambacho mtengenezaji alikipatia: Bwana anasimama kaburini, anaanza kutembea, na mkono wake unapopita mbele ya macho yetu, tundu la msumari lipo, na mwanga unapita ndani yake.

Vijana wameuliza kama usharika utakodi basi kwenda Mlimani City Ijumaa Kuu hiyo. Tumewajibu kwamba ibada ya Ijumaa Kuu haisogezwi kwa ajili ya picha, hata hiyo. Atakayetaka aende jioni, kwa nauli yake. Yule msichana wa swali la mlinzi wa getini amekwisha kuanza kuweka akiba, naye ametuambia atakachokwenda kukiangalia kwanza ni mikono.